Ngazi Isiyo na Ghorofa

9 Februari

Wifi yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Kama barua hii imekukuta na pini mdomoni, zitoe kwanza, usije ukazimeza kwa kuucheka mwandiko wangu. Mimi mzima. Mafua yalikuja, yakaondoka, yakasahau kikohozi kwangu. Baba mdogo mpe shikamoo, na umwambie goti lake aache kulikanda kwa kila dawa inayopita mlangoni kwenye kapu. Shangazi naye mwambie picha za harusi ya binti yake nimezipata, na nimemwonea wivu bibi harusi kwa viatu tu. Kwa bwana harusi hapana.

Umeniuliza mbona sipokei simu. Si kiburi, wifi. Simu ya nyumbani ikiita nasubiri kuambiwa tena "kaa chini kwanza." Wewe ndiye uliyeniambia hivyo siku ile, na sikulaumu, ungesema nini kingine? Lakini tangu hapo siwezi. Tuandikiane. Barua inabisha hodi, inakusubiri mpaka uwe tayari.

Chumba changu kiko juu ya duka la kufulia nguo. Mashine zikianza kukamua sakafu inatetemeka, kikombe kinatembea mezani chenyewe. Dirisha linatazama ukuta. Mwenye nyumba ameandika mlangoni: hakuna kupika samaki, hakuna wageni, hakuna kupigilia misumari. Samaki sipiki, wageni sina, na sina picha ya kutundika. Hajawahi kupata mpangaji mtiifu kama mimi.

Sasa nikuombe kitu. Ile shahada yangu, ambayo wewe huwezi kuitaja bila kupumzika katikati, uchumi wa walaji na mipango ya fedha za familia na makazi, imefika mahali pa kazi za vitendo. Kila mwanafunzi achukue nyumba moja ya kweli yenye watu wa kweli, aishauri. Wakae au wahame? Wapangishe au wauze? Uzee utawakuta wapi? Wenzangu wamechukua majirani zao. Mimi jirani simjui, namsikia tu akifunga mlango. Nimechukua nyumba yetu. Yaani nimekuchukua wewe.

Niambie basi, kama unamwambia mtu mpita njia: vyumba vipi vinatumika? Nani anakuja? Nini kimeharibika? Na ngazi ipo vilevile?

Wifi yako


4 Machi

Wifi msomi,

Barua yako ilifika imelowa, nikainyoosha kwa pasi kama shuka la hoteli. Nimefurahi kuona mkono wako. Huku hatujambo. Goti la baba mdogo limepata dawa mpya, hii inanuka kiasi kwamba maumivu yenyewe yanakimbia na watu wanakimbia. Binti wa shangazi amerudi kwa mama yake "kupumzika". Harusi juzi, mapumziko leo. Sisi hatusemi kitu, tumepeleka sukari tukarudi.

Kazi zipo. Juzi niliitwa kupima madirisha kwenye nyumba mpya. Mume anataka mapazia ya kijani, mke anataka ya rangi ya maziwa, wakaanza kurushiana maneno na mimi nimesimama katikati na tepu yangu kama refa. Mke akasema, "Wewe huna macho!" Mume akasema, "Ningekuwa nayo ningekuoa?" Wakacheka wote wawili. Nilipima dirisha lile mara tatu kwa sababu namba zilikuwa hazikai kichwani. Niliwaonea wivu kwa ugomvi wao, nikwambie ukweli.

Haya, maswali yako. Vyumba vyote vinatumika. Sebuleni nakaa, jikoni napika, chumbani nalala, cha nne nashonea. Wanaokuja ni wateja, na baba mdogo akitaka chai. Kilichoharibika hakuna. Nyumba imejengwa na fundi bomba, ulitegemea nini? Bomba la jikoni linadondosha kidogo. Nimelikingia sufuria, maji yake namwagilia maua, kwa hiyo hata hilo si kuharibika, ni kilimo.

Ngazi ipo. Inapanda vizuri, ina mshikio wake, na ikifika juu inakukabidhi kwa mawingu. Kila mgeni anauliza inakwenda wapi. Nawajibu inakwenda kwa wifi yangu, ghorofa yake bado iko masomoni. Unakumbuka kaka yako alivyokuwa akisema? Wewe ukae juu, sisi chini, ili ukiolewa na mtu tusiyempenda tumkatie maji.

Kula vizuri. Kikohozi usikizoee.

Wifi yako


28 Machi

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa harufu ya dawa. Binti wa shangazi mwambie apumzike pole pole, asichoke na kupumzika. Mimi sijambo. Chuo kimefungwa kwa likizo fupi, wenzangu wamekwenda kwao, hata muuza magazeti wa pale getini hayupo. Jana sikusikia sauti yangu mpaka jioni, nilipomshukuru mtu wa duka la mikate, ikatoka kama ya mtu mwingine.

Nimeshaitoa ile kazi mbele ya darasa. Mwalimu wetu ni mama mmoja mfupi ambaye anakula tufaha huku anakusikiliza. Akiacha kutafuna, ujue umekosea. Nilichora nyumba ubaoni: vyumba, uwanja, choo, duka lako la mapazia kule mbali na masaa unayopoteza njiani. Nikachora na ngazi. Mmoja akauliza ngazi ya nini wakati juu hakuna kitu. Nikamjibu, "Ni mpango wa upanuzi ulioahirishwa." Wakaandika. Wifi, niliwatazama wakiandika.

Ushauri wangu ulikuwa huu, na wewe nakupa huohuo kwa sababu nimeufanyia kazi kwa uaminifu. Mtu mmoja hatakiwi kubeba paa la vyumba vinne. Duka liko mbali, nyumba itachoka, na wewe utachoka nayo. Uza wakati bado ina thamani, tafuta chumba karibu na duka lako, karibu na watu. Mwalimu alitafuna mpaka mwisho. Nimepata alama za juu kuliko wote.

Lifikirie kwa utulivu, usiligeuze mzaha.

Ila ukianza kupanga vitu, sanduku la vifaa la kaka usilisogeze, lile la chini ya ngazi. Na koti lake la mvua liache kwenye msumari wake.

Wifi yako


22 Aprili

Wifi mwenye alama za juu,

Hongera. Tumekuombea na tumekupigia vigelegele, baba mdogo amepiga goti vilevile kwa bahati mbaya. Sote wazima. Shangazi anakusalimu, anasema ukimaliza kushauri nyumba umshauri na binti yake.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, nikaisoma nikiwa nimesimama, haijabadilika. Kwa hiyo mimi nihame lakini sanduku lisihame. Nyumba iuzwe, koti libaki. Mnunuzi tutamwambiaje? Kwamba amenunua kuta, misumari ni ya wifi? Hilo nalo mnafundishwa darasa gani?

Sihami. Umenielewa? Humu niliingizwa na mume wangu, nitatoka akija kunitoa mwenyewe.

Samahani. Nimeandika kwa kalamu, siwezi kufuta.

Nikupe habari ya bomba. Lile la jikoni lilikatika kabisa, maji yakafika sebuleni. Nilikuwa sitaki fundi mwingine aguse, unajua mwenyewe kwa nini, lakini maji hayana huruma. Nikamwita fundi mmoja, kijana mtaratibu, anavua viatu mlangoni. Akafungua ukuta, akachungulia mabomba. Halafu akaniuliza, "Mama, haya nani kafunga?"

Nikamwambia, "Mume wangu."

"Yuko wapi nimwombe kazi? Mimi sijaona kazi safi hivi."

"Amesafiri," nikamwambia.

Alipomaliza nikamlipa, nikamsindikiza, nikarudi nikakaa sakafuni palepale palipolowa. Bomba halidondoshi tena. Sikujua kwamba ile sauti ndiyo niliyokuwa naishi nayo. Sasa kimya kinaanzia jikoni, kinapita sebuleni, kinanikuta kwenye chumba cha cherehani nikiwa nimejilaza, na kinalala kabla yangu.

Lakini mimi mzima, usiwe na wasiwasi. Nimepokea oda ya mapazia ya ukumbi mzima.

Wifi yako


15 Mei

Wifi yangu,

Salamu kwako, kwa baba mdogo na goti lake, na kwa shangazi na mapumziko yanayoendelea. Mimi sijambo, kikohozi kimenikimbia.

Umeandika kwamba unalala chumba cha cherehani. Kabla ya hapo uliandika kwamba chumbani unalala. Sikukamati kwa maneno, nauliza tu. Kwa nini unalala huko?

Siku hizi kila Alhamisi nakaa kwenye meza ya ushauri ya chuo. Watu wa mjini wanakuja na habari za nyumba zao na sisi wanafunzi wa mwaka wa mwisho tunawasikiliza. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja amevaa suti, amefiwa na mkewe, watoto wako mbali. Nikamweleza yaleyale niliyokueleza wewe. Akanishukuru sana, akainuka, akasahau kofia. Nilimkimbilia mpaka kituo cha basi sikumkuta. Kofia iko hapa kwangu juu ya kiti, ndiye mgeni wangu wa kwanza, na mwenye nyumba hajamwona.

Wifi, nisikilize. Kama unakaa humo kwa ajili yangu, usikae. Najua kiwanja wazazi walituachia mimi na kaka, na najua alichosema kuhusu huko juu. Maneno ya mezani yale, tulikuwa tunacheka. Mimi sina mpango na hiyo nyumba. Huenda nikapata kazi hukuhuku nikabaki. Nakwambia kwa moyo mweupe ili uwe huru.

Ngazi unaifagia? Majani yakikaa pale juu maji yanatuama, zege litaliwa.

Wifi yako


11 Julai

Wifi,

Barua yangu ya Mei ilifika? Nimeuliza posta, wameniambia kwao haikubaki. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi. Nimefika mahali naitambua miguu ya mtu wa posta kwenye ngazi, na nikisikia imepita mlango wangu najua siku imekwisha.

Mimi mzima.

Wifi yako


24 Agosti

Wifi yangu,

Nisamehe. Sikukukasirikia. Nilikuwa nafikiri, na mimi nikifikiri sishoni wala siandiki, waulize wenye ukumbi, mapazia yao mpaka leo hayana pindo.

Kwanza habari za watu. Baba mdogo sasa anatembea na fimbo. Imempendeza, na anajua imempendeza, anaizungusha akipita kwa wajane. Binti wa shangazi mumewe alikuja kumfuata na mama mkwe nyuma, wakaongea mchana kutwa, wakaondoka naye. Alipopanda gari alicheka. Tumeshusha pumzi.

Sasa sisi.

Ile barua uliyosema huna mpango na nyumba niliisoma, nikaiweka chini ya vitambaa. Nikaitoa. Nikairudisha. Wifi, kumbe nilikuwa nakulindia kitu ambacho mwenyewe hukitaki. Baba mdogo alitaka tuuze tangu mwaka ule wa kwanza, nikagoma. Nilimwambia nyumba ya mtu aliye safarini haiuzwi, siku atakaporudi atakuta nini? Nilimaanisha wewe. Alinitazama, akadhani namaanisha mwingine.

Umeniuliza kwa nini nalala chumba cha cherehani. Kwa sababu kitanda chetu ni kikubwa. Nilijaribu kulala katikati, nikajaribu upande wake, nikajaribu na mito. Kwenye cherehani kuna godoro jembamba na vitambaa huku na huku, mtu unajikuta umezungukwa. Nakula nimesimama karibu na jiko, kwa sababu nikikaa mezani naona viti. Redio naiacha imewashwa nikienda dukani ili nikirudi nikute mtu anaongea. Nilikuandikia vyumba vyote vinatumika. Kinatumika kimoja, wifi. Vingine navifagia.

Kuna watu wamekuja kuiona. Mwalimu mmoja wa shule ya huku na mkewe, watoto wao, na mama yake mwalimu. Watoto hawakuuliza ngazi inakwenda wapi, walipanda. Mama yao akapiga kelele, "Shukeni, mtavunjika!" na mkubwa wao akajibu kutoka juu, "Mama, tunaona mpaka sokoni!" Nikacheka. Nikajisikia ninacheka, nikanyamaza kama nimeiba. Mwalimu anasema akijaliwa atapandisha ghorofa.

Baba mdogo hawezi kwenda mbele bila neno lako, kiwanja kina jina lako pia. Andika ndiyo au andika hapana. Ukiandika hapana nitabaki, na sitakununia. Naapa. Nimekaa mpaka leo, nitakaa tena. Lakini andika unachotaka wewe, si kile cha kwenye ubao.

Wifi yako


14 Septemba, Jumapili

Hapana, wifi. Usiuze.

Sikusalimu kwanza, nisamehe, salamu zitakuja. Usiuze. Nilikudanganya. Ninao mpango na hiyo nyumba, sina mpango na kitu kingine chochote. Kila ninapolala huku, kichwani nafungua mlango ule wa mbele unaogoma chini, nausukuma na goti, naingia. Nilikwambia uhame kwa sababu nilikuwa nakuona huko peke yako na sikujua kukusaidia ila kwa maneno ya darasani. Nilidhani utagoma. Wewe hugoma siku zote! Nilitegemea ugome.

Ninyi mlimwona akiingia ardhini. Mlirudi nyumbani mikono ina udongo, mkaosha, mkala, mkalia pamoja. Mimi nilikuwa kwenye chumba hiki na viatu mguuni, nimevaa kwa safari ambayo karatasi zake za kusafiria hazikutoka. Sikumzika, wifi. Kwangu mimi yuko chini ya ngazi, amechutama, anatafuta spana na kumtukana aliyeihamisha. Ndiyo maana siji likizo. Unadhani ni masomo? Nisipokuja, bado yupo. Nyumba ikiuzwa ataenda wapi?

Mwambie mwalimu atafute kwingine. Mwambie baba mdogo nimesema hapana.


Alhamisi

Sikuipeleka posta. Nimezunguka nayo kwenye mkoba.

Leo nilikuwa kwenye meza ya ushauri, hakuja mtu, mvua. Nikatoa barua yako nikaisoma kama vile imeletwa na mtu nisiyemjua. Mwanamke anakula amesimama. Anaiacha redio imewashwa ili akute mtu anaongea. Amecheka, akanyamaza kama ameiba. Nikajiuliza, mtu huyu angekaa kwenye kiti hiki mbele yangu na kuniambia, "Wifi yangu aliye mbali ananiomba nibaki humo kwa sababu yeye hajawahi kuja kuona kaburi," ningemjibuje? Nililia mezani. Mwalimu wetu alipita na tufaha lake, akasimama, akaniwekea leso pale, akaenda zake.

Ushauri niliokupa ulikuwa sahihi. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa siuamini. Wewe umekaa humo kwa ajili yangu, nami nikakwambia utoke kwa ajili yako, na wote wawili tulikuwa tunasema uongo kwa upole kabisa. Hakuna watu wengine wa kufanya hivyo duniani, ni sisi tu.

Kaka amekufa. Sijawahi kuliandika hilo mahali popote. Limeandikika.

Mwambie baba mdogo nimesema ndiyo. Karatasi yenye sahihi yangu nimeiweka humu ndani. Watoto wa mwalimu wapande, wasije tu wakaanguka.

Ule ukurasa wa kwanza nilitaka kuuchana. Nimekudanganya vya kutosha, nimeona nikutumie yote. Zisome barua zote mbili, ufuate ya pili.

Salamu kwa baba mdogo, kwa shangazi, kwa binti yake popote alipo.

Nina swali moja dogo. Nikimaliza, mwezi wa kumi na mbili, nataka kuja kuona alipolala. Nitafikia wapi? Muulize shangazi kama ana nafasi, hata ya siku chache. Kama hana, nitatafuta nyumba ya wageni karibu na kituo. Sitaki kumlemea mtu.

Wifi yako


20 Oktoba

Wifi,

Baba mdogo anakusalimu, shangazi anakusalimu, binti yake ana mimba na anatapika kila kitu isipokuwa sifa za mumewe. Mimi mzima.

Tumemaliza. Mwalimu na watu wake wameingia. Siku ya kutoka baba mdogo alikuja na fimbo yake kusimamia wabebaji, akasimamia mpaka wakaudondosha mlango wa kabati. Kitanda kikubwa nimewaachia. Koti la mvua baba mdogo alilitoa msumarini, akalivaa, jua linawaka, akatembea nalo mpaka kwake. Sanduku la vifaa lipo hapa chini ya meza yangu ya kukatia, ni zito, hakuna aliyetaka kulibeba zaidi ya hapo, na kila siku najigonga nalo kidole cha mguu na kusema maneno ambayo kaka yako angeyatambua.

Nimepanga chumba nyuma ya duka. Upande mmoja kuna mama anayeuza mayai na mtoto mchanga mwenye sauti ya tarumbeta, upande wa pili kuna dereva anayeimba vibaya. Humu ukipiga chafya ukuta wa jirani unakwambia pole. Usidhani upweke nimeuacha kule. Umehama na mimi, nimeufungasha na vyombo. Ila huku na wenyewe umepata chumba kimoja tu. Wiki ya kwanza nilikuwa nikitoka dukani miguu inashika njia ya zamani, nafika mbali ndipo nakumbuka. Siku moja sikukumbuka mpaka nilipofika kwenye geti. Mama yake mwalimu alinikuta nimesimama, akasema, "Karibu, mwanangu," na mimi nikamwambia nimepotea. Hakunicheka. Alinisindikiza mpaka barabarani.

Barua zote mbili nimezisoma. Ile ya kwanza ndiyo nimeiweka. Ya pili baba mdogo aliichukua pamoja na karatasi yenye sahihi yako.

Sasa lile swali lako dogo. Limeniudhi kuliko mambo yote ya mwaka huu, bomba likiwemo. Nimuulize shangazi kama ana nafasi? Nyumba ya wageni karibu na kituo? Kwa hiyo aliyetuunganisha akifa, na wewe ukishaandika kwa mkono wako kwamba amekufa, ndiyo uwifi nao tuufukie? Nani kakufundisha hivyo? Mimi sikuolewa na kuta. Wala wewe hukuwa wifi wa ghorofa.

Siku zile sikukulaumu kwa kutokuja, na leo sikulaumu. Lakini nilikuhitaji. Nilitaka mtu mmoja tu katika umati ule ambaye analia kwa sababu ileile. Nilikuwa najifunza kutokulisema hilo, sasa nimelisema.

Tutakwenda kumwona pamoja, mimi najua njia. Utalia, nitakushika, halafu tutarudi tule tumekaa, nimenunua viti viwili.

Andika siku utakayofika. Chumba ni kimoja, na kitanda ni kimoja, kidogo. Mimi ndiye ninayeamka mapema, kwa hiyo wewe utalala upande wa ukutani.

Wifi yako